CHATU HAKUTUMWA NA MTU, ALISIKIA HARUFU YA KUKU

SEHEMU YA 1

Ndugu zangu wa Lagangabilili, Itilima na Simiyu yote, nimetoka zamu ya usiku, nilipaswa kuwa nimelala, lakini hili neno limenikaa kooni. Litakuwa refu kwa hiyo nitalikata vipande. Asiyetaka kusoma apite salama, ila asije kwenye komenti kuniandikia "fupisha nesi". Kidonda nilichofunga jana hakikuwa kifupi.

Msimu wa ngoma umeingia. Mavuno yako ndani, vijana wana nguvu, na kila mwenye kikundi anatafuta cha kuvuta watu. Wengine wana jembe la kurusha, wengine wana fisi, wengine wana chatu. Leo naongea na wenye chatu. Na ninyi mnaowashangilia, msikimbie, mmo humu.

Alikuja kijana mmoja wa ngoma. Sitamtaja, sitasema ni wa kijiji gani wala kundi gani, na mengine nimeyabadilisha asitambulike. Mkono wake wa kulia ulikuwa umechanika kuanzia kifundo hadi karibu na kiwiko, umevimba, unatoa harufu, na juu yake wamepaka ugoro na majivu. Siku ya tatu hiyo tangu ang'atwe. Namsafisha, anauma meno, halafu ananiambia hivi: "Sista, yule si chatu wangu. Chatu wangu ananijua, nimelala naye nyumba moja miaka miwili. Yule alitumwa."

Alitumwa na nani? Na wapinzani wao kwenye ngoma, bila shaka. Mwaka huu wana dawa kali.

Nikamuuliza swali moja tu. "Kabla hujafungua sanduku, mikono yako ilikuwa imeshika nini?"

Akanyamaza. Nikarudia. Akasema, "Kuku. Nilikuwa nimetoka kumchinja, nampelekea chakula chake."

Basi ndugu zangu, hapo hakuna kesi ya kupeleka kwa mfumu. Mkono una damu ya kuku, una harufu ya kuku, una joto, unaingia kwenye sanduku la mnyama ambaye hajala mwezi mzima. Ulitaka ahisi nini? Kwamba ni mkono wa rafiki?

SEHEMU YA 2

Tuanze na jinsi chatu anavyoijua dunia, maana hapa ndipo wengi tunapokosea. Tunadhani anatuona kama mbwa anavyotuona. Hapana.

Chatu hana masikio ya nje kama yako. Sauti yako ya upole unayombembeleza nayo, yeye haielewi. Anachohisi vizuri ni mtikisiko wa ardhi. Macho yanamwonyesha zaidi kitu kinachojongea, si sura ya mtu. Ule ulimi anaoutoa na kuurudisha unakusanya harufu hewani na kuipeleka kwenye kiungo maalumu kilicho juu ya kinywa. Ndiyo pua yake ya pili. Halafu ukimtazama kwa karibu kwenye midomo utaona vijishimo. Vile vinahisi joto. Usiku wa giza totoro, chatu anajua panya wa moto yuko wapi kwenye majani ya baridi.

Sasa jumlisha mwenyewe. Harufu ya mnyama, joto, kitu kinachojongea. Vikikutana vitatu hivyo, chatu haanzi kutafakari. Anaruka, anang'ata, anajizungusha, anabana. Haraka kuliko wewe kusema "mama". Hana hasira hapo, wala hakusaliti. Ni kula tu. Na kuna chatu ambao mwitikio huo ni mkali kuliko wenzao: ukigusa tu mfuniko wa sanduku, tayari kichwa kiko juu, mdomo uko tayari. Kwa nini? Kwa sababu umemfundisha wewe. Kila ukifungua unaleta chakula, na mkono wako unaingia pamoja na chakula. Yeye amejifunza vizuri kabisa. Mfuniko ukifunguka, kinachoingia kinaliwa.

Kwa hiyo ile kauli ya "ananijua" tuiache. Anachojua ni mazoea, na mazoea hayo umempa mwenyewe.

SEHEMU YA 3

Najua mlivyo. Tayari kuna mtu anaandika, "Nesi umesoma diploma umesahau mila. Sisi tumechanjwa."

Mila nazijua. Usukumani tunao Bayeye, watu wa nyoka, na walikuwapo kabla ya mimi na wewe. Ni chama chenye walimu, wanafunzi na miiko. Waliwajua nyoka wa mashambani mmoja mmoja, waliwakamata, waliwacheza, na aliyeng'atwa alikimbiliwa kwao kwa dawa. Nenda makumbusho ya Bujora pale Kisesa, Mwanza, ukaone jinsi vyama vyetu vya ngoma vilivyohifadhiwa. Nenda wakati wa Bulabo mwezi wa 6, uone wenye nyoka wakicheza mbele ya watu. Siwadharau hata kidogo.

Lakini nijibuni hili, ninyi mliochanjwa. Chanjo yenu ni ya nini? Mtasema ni ya sumu ya nyoka. Sawa. Chatu ana sumu?

Hana. Chatu hana sumu hata tone. Silaha yake ni meno yaliyopinda kuelekea kooni na misuli ya kubana. Sasa dawa ya sumu inamzuia nini mnyama asiye na sumu? Ni kama kuvaa koti la mvua ili usigongwe na pikipiki.

Hapo hamna jibu, na mimi sitaki ushindi wa maneno. Nataka mkono wa yule kijana. Kama mngesema tangu siku ya kwanza kwamba "kosa ni la kulisha", angeoshwa siku ileile kwa maji mengi na sabuni, angepata sindano ya pepopunda, angerudi nyumbani. Badala yake siku mbili zilikwenda kumtafuta mchawi. Mchawi hakupatikana. Bakteria wao hawakuwa na haja ya kutafutwa, walikuwa wameshajenga.

Na mimi nauona hivi: mwiko wa wazee ulikuwa sheria ya usalama. Mwanafunzi hakupewa nyoka mkubwa siku ya kwanza. Alikaa, akatazama, akafundishwa. Leo kijana ananunua chatu kwa mtu aliyemkuta porini, anamtia kwenye sanduku, wiki ya pili yuko naye shingoni uwanjani. Halafu akiumia anasingizia mila. Mila ipi?

SEHEMU YA 4

Sasa tuseme ukweli unaouma. Ngoma zetu zina mashindano. Bagika upande huu, Bagalu upande ule, ngoma zinapigwa kwa wakati mmoja, na mshindi ni yule aliyejaza watu. Watazamaji wakianza kuhamia ng'ambo, ningi anapata jasho. Ndipo sanduku linapofunguliwa.

Kuna wanaomshindisha chatu na njaa makusudi ili siku ya ngoma awe "mchangamfu". Nimeyasikia kwa masikio yangu, tena kwa kujisifu. Kuna wanaomrushia kuku hai katikati ya uwanja ili watu wapige kelele. Na watu wanapiga kweli, wanasogea, watoto wanapenyeza mbele, simu juu zinarekodi.

Jamani. Mnyama mwenye njaa, amenuka kuku, ardhi inatikisika kwa ngoma, pembeni yake kuna miguu midogo mingi yenye joto inayojongea. Na mnaita burudani!

Tena huyo kuku hai si salama hata kwa chatu mwenyewe. Kuku anadonoa, panya anatafuna, na chatu aliyedonolewa jicho au kutafunwa ngozi anaoza taratibu ndani ya sanduku lako.

Mkidhani naongeza chumvi, mwaka 1996 huko Bronx, New York, kijana wa miaka 19 aliuawa na chatu wake mwenyewe, chatu wa Burma mwenye urefu wa futi 13 hivi. Kuku wa chakula alikutwa hai bado yuko kwenye boksi. Chatu hakumchagua kuku.

Na mwaka 2013, mji wa Campbellton nchini Kanada, chatu wa Afrika, jamii ya hawahawa wetu, alitoroka kwenye kizimba chake ndani ya nyumba, akapita kwenye njia ya hewa, akaangukia chumba walicholala watoto wawili ndugu. Mmoja miaka 4, mwingine 6. Wote walikufa. Mchana wake walikuwa wameshinda wakicheza na wanyama wa shambani, na wapo wataalamu waliosema huenda ni ile harufu iliyokuwa mwilini mwao.

Sisi watoto wetu wanatoka zizini kuchunga mbuzi, wanakuja moja kwa moja ngomani. Umenielewa?

SEHEMU YA 5

Haya, mwenye chatu, chukua kalamu. Kwanza kabisa, kufuga mnyamapori kunataka kibali. Ipo Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, kamalizane na watu wa wanyamapori. Mimi si askari wao, kazi yangu ni mkono wako. Kwa hiyo sikiliza.

1. Usilishe kwa mkono. Kamwe. Mwambie fundi wa kuchomelea akutengenezee koleo la chuma lenye mikono mirefu, lipite urefu wa mkono wako. Chakula kinaingia na koleo, wewe unabaki mbali. Hata wazoefu wanafanya hivyo. Ionides, yule bwana wa nyoka aliyeishi Liwale na Newala na kufariki 1968, alikamata maelfu ya nyoka kwa fimbo yenye kibano, na bado aling'atwa mara kadhaa hadi vidole vikaharibika. Sembuse wewe unayeingiza kiganja kitupu.

2. Anayechinja asiwe anayefungua sanduku. Kama uko peke yako, oga mikono na sabuni mpaka kwenye kiwiko, badilisha shati, ndipo ufungue. Hata kama ulimshika mbuzi au sungura asubuhi, chatu hajui kwamba hukumleta.

3. Mpe mnyama aliyekwisha kufa. Bado wa moto, sawa, lakini amekufa.

4. Tenganisha saa ya chakula na saa ya kushikwa. Siku ya kumtoa bila kumlisha, mguse kwanza ubavuni, polepole, kwa fimbo laini. Fanya hivyo kila mara bila kuruka. Siku ya chakula usimguse kabisa. Baada ya muda atajifunza: nikiguswa, si chakula. Hiyo ndiyo dawa ya chatu mkali wa kuruka. Haiuzwi popote, inataka uvumilivu.

5. Ukiwa na chatu wawili, kila mmoja sanduku lake. Wakikamata kuku mmoja kutoka pande mbili, hakuna anayeachia, na mkubwa anaweza kuendelea kumeza mpaka mwenzake.

6. Akishakula, muache siku mbili au zaidi. Saa za mwanzo bado anatafuta, na ukimbeba akiwa ameshiba anatapika. Kwa hiyo asiyejua kupanga siku za kulisha asipange siku za ngoma.

7. Chatu aliyepita urefu wa mtu asilishwe na mtu mmoja. Muwe wawili, tena watu wazima. Huyo wa pili ndiye atakayekufungua akikuzunguka shingo. Mkeo mwenye mtoto mgongoni si mtu wa pili.

8. Sanduku liwe na kufuli, na lisikae chumba wanacholala watu.

9. Uwanjani hakuna kulisha. Hakuna kuku, hakuna panya, hakuna damu. Na chatu aingie uwanjani akiwa ameshalishwa siku kadhaa nyuma, si mwenye njaa.

Hakuna hata moja hapo linalovunja mila. Yote tisa gharama yake ni koleo, kufuli na sabuni.

SEHEMU YA 6

Nimeulizwa inbox, "Nesi, na wenye swila je? Na kifutu?"

Hapo sina masharti ya kukupa. Usifuge. Chatu akikosea anakuchana, swila akikosea anakuzika.

Msiniambie habari za "tumemng'oa meno". Nyoka mwenye sumu ana meno mengine ya akiba nyuma ya yale unayoyaona. Ukiyang'oa leo, mengine yanashika nafasi. Wewe unacheza ukijua hana, yeye tayari anayo. Na mdomo uliojeruhiwa unaoza, anashindwa kula, anakufa kwa njaa. Hapo umefanya ubaya mara mbili.

Shirika la Afya Duniani liliingiza kung'atwa na nyoka kwenye orodha ya magonjwa yaliyosahaulika mwaka 2017. Linakadiria watu kati ya 81,000 na 138,000 wanakufa kila mwaka duniani kwa sababu hiyo. Wengi wao ni watu kama sisi, wakulima na wachungaji, walio mbali na dawa. Hao hawakuchagua kukutana na nyoka. Wewe unamkaribisha nyumbani halafu unampa chakula kwa kidole?

SEHEMU YA 7

Imetokea. Ufanye nini?

Chatu amekung'ata na hajaachia: usivute. Meno yake yamepinda kuelekea ndani, ukivuta unajichana mwenyewe. Ule mkono niliousafisha, sehemu kubwa ya mpasuko ilitoka kwa marafiki waliovuta, si kwa chatu. Tulia. Mwenzako aanze kumzungusha kutokea mkiani, si kichwani. Mmwagie maji baridi au pombe kali kidogo mdomoni, wengi huachia. Kichwa kisukumwe mbele taratibu ili meno yachomoke yalikoingilia.

Akishatoka, osha kidonda kwa maji safi yanayotiririka na sabuni, dakika kumi na tano, hata kama kinauma. Usipake ugoro, majivu, kinyesi wala mafuta ya taa. Funika kwa kitambaa kisafi, njoo siku hiyohiyo. Tutaangalia kama kuna meno yaliyobaki ndani, tutakuchoma sindano ya pepopunda.

Nyoka mwenye sumu: vua pete na bangili, laza mgonjwa, funga kiungo kwenye ubao kama aliyevunjika mfupa ili kisijongee. Usichanje, usinyonye, usifunge kamba ya kukata damu, usiweke jiwe jeusi. Kumbuka saa aliyong'atwa. Mlete hospitali kwa njia ya haraka mliyonayo, asitembee kwa miguu. Nyoka msimbebe, mkiweza mpigeni picha kwa mbali. Na swila akitema machoni, osha kwa maji mengi, robo saa bila kukoma, halafu uje.

Mfumu ukimtaka mwite akukute wodini. Tutampa kiti. Lakini uwe tayari uko wodini.

SEHEMU YA MWISHO

Nimesoma komenti zenu za sehemu zilizopita. Mmoja ameandika nyoka wote wachomwe moto na wenye nao wafungwe. Hapana. Chatu anatusaidia, anakula panya wanaokula mtama wetu, na akiachwa porini hana shida na mtu. Mwingine ameandika natumiwa na kanisa kuua ngoma. Baba yangu, ngoma naipenda. Mdundo ukianza hata mimi mabega hayatulii. Nataka ningi azeeke na vidole kumi vya kupigia ngoma.

Na wa tatu, huyu ndiye aliyenifanya niandike sehemu hii. Ameandika, "Lakini sista, kwa nini siku nyingine zote ananilinda, siku hiyo tu aning'ate?"

Kaka, siku nyingine zote ulikuwa hunuki kuku.

Ukisema mtu kamtuma, kesho utakwenda kutafuta dawa ya kumshinda huyo mtu, na keshokutwa utaingiza mkono uleule, wenye damu ileile, kwenye sanduku lilelile. Na katikati hapo umemchukia jirani asiye na kosa, na sisi wenyewe tunajua katika nchi yetu hii neno "mchawi" limeshawafikisha vikongwe wangapi kaburini. Lakini ukisema "nilikosea kulisha", kesho unanunua sabuni. Hebu niambie, lipi linaokoa mkono?

Yule kijana anaendelea vizuri. Vidole viwili bado havikunji. Alipokuja kubadilisha bendeji aliniambia chatu bado yupo, hajamuua, ameshamwagiza fundi koleo. Nikamuuliza, na wale wapinzani? Akacheka, akasema, "Sista, nduhu mhayo. Kuku ndiye alinitumia."

Mwenye ndugu yake wa ngoma amtumie hii kabla ya Jumapili. Sasa naenda kulala.